Viza ya U, Viza ya T au VAWA: ukitendewa uhalifu Marekani, ubishe hodi mlango upi?

Swali huja kwa sura ileile karibu kila mara: "Nimesikia kuna viza ya watu waliopigwa. Naipataje?" Anayeuliza amelisikia kanisani, msikitini, au kwenye kiti cha kusukwa nywele huko Dallas au Minneapolis, na jina aliloambiwa ni moja tu: U. Kweli ipo. Lakini sheria ya Marekani imewawekea wahamiaji waliotendewa uhalifu njia kubwa tatu, na U ndiyo yenye foleni ndefu kuliko zote. Kuna watu wamekaa kwenye foleni hiyo miaka na miaka, ilhali tangu siku ya kwanza walikuwa na haki ya kupita kwingine. Hakuna aliyewauliza maswali yanayofaa.

Maswali yenyewe si mengi. Aliyekudhulumu ni nani kwako? Je, ni mumeo, mkeo au mzazi wako, naye ana uraia au kadi ya kijani, au ni mwanao mtu mzima mwenye uraia? Hapo anzia VAWA, yaani sheria ya Marekani ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake. Je, ulishikiliwa ukafanyishwa kazi au biashara ya ngono kwa nguvu, kwa vitisho au kwa kudanganywa? Hapo ni T. Kama si hayo, yaani umechomwa kisu na mtu usiyemjua, umebakwa, au umepigwa na mpenzi ambaye naye hana makaratasi, basi U ndiyo yako. Kwa hiyo huchagui viza ukiangalia ipi ina jina zuri. Kilichokupata ndicho kinachokuchagulia, na kazi yako ni kukitambua sawasawa.

VAWA: kumnyang'anya kalamu anayekutesa

VAWA ndiyo kongwe, ya mwaka 1994, na kusema kweli si viza. Ni ombi la kujiombea mwenyewe kadi ya kijani. Kwa kawaida mwenzi mwenye uraia ndiye anayekujazia fomu, na hapo ndipo mateso mengi yanapopata mizizi: "Fomu ni yangu. Nikiiondoa kesho uko ndege ya kurudi kwenu." Bunge liliona kwamba kalamu imegeuka fimbo, likampa anayepigwa kalamu yake. Unajaza fomu I-360 mwenyewe, kimyakimya. Mumeo haandikiwi barua, hapigiwi simu, haulizwi. Sheria ya mwaka 1996 inawakataza maofisa kumwambia kwamba umeomba, na inawakataza kuamua dhidi yako kwa kutegemea maneno yake peke yake. Ulinzi huo wa siri unawafunika waombaji wa U na T pia.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba haihitaji polisi. Hukupiga 911? Hukwenda hospitali? Bado unaweza kuomba. Na kupigwa si lazima kuwe kwa mkono. Kukufungia pasipoti, kukukataza kuongea na ndugu zako, kuchukua mshahara wako wote, kukutishia kila jioni kwamba atawaita watu wa uhamiaji, hayo yakijumlishwa yanaweza kuhesabiwa kuwa ukatili uliokithiri. Ushahidi unaokubalika ni wowote unaoaminika: meseji za WhatsApp, barua ya mchungaji au imamu, maelezo ya jirani aliyesikia kelele, picha, na zaidi ya yote maelezo yako mwenyewe yaliyoandikwa kwa urefu na kwa tarehe.

Lakini VAWA ina kizingiti kimoja kinachowaangusha wengi wa kwetu, na lazima tukiseme wazi. Ndoa iwe ilikuwa ya kweli. Si ya makaratasi. Kama ulimlipa mtu dola elfu kadhaa akuoe, kisha akaanza kukupiga na kukudai zaidi kila mwezi, umedhulumiwa, hakuna anayekataa, ila mlango huu si wako. Na ukijaribu kuupita kwa uongo unaweza kupachikwa alama ya ndoa ya udanganyifu, ambayo hufunga maombi ya baadaye ya kifamilia maisha yako yote. Viza ya U, kwa upande wake, haiulizi kama mlipendana. Inauliza kama ulipigwa na kama ulisaidia polisi.

Kuna hali nyingine ambayo Mswahili akiisikia atatikisa kichwa. Umefunga ndoa, sherehe imefanyika, picha zipo, kisha unagundua bwana ana mke mwingine nyumbani ambaye hakumwacha kisheria. Kwa sheria ya Marekani ndoa yako ni batili. Hata hivyo VAWA imemfikiria aliyedanganywa hivyo: kama uliamini kwa moyo safi kwamba unaolewa, bado unaweza kuomba. Na ndoa ya kadhi au ya mila iliyofungwa kwetu nayo inaweza kukubaliwa, ilimradi inatambulika kisheria mahali ilipofungwa.

Wanaume nao wanaruhusiwa, ingawa wengi wetu tungefadhalisha kufa kuliko kusema mke anatupiga. Na wazazi pia. Hili la wazazi halisemwi vya kutosha. Mama ameletwa kutoka Kisii au Moshi kuja kulea wajukuu. Mwanawe amepata uraia na ana miaka 21 au zaidi. Mama hapewi simu, hatoki nje, anatukanwa, anasukumwa. Huyo mama anaweza kujiombea chini ya VAWA kwa sababu ya mwanawe.

Angalia tarehe. Ukiachika, una miaka 2 tangu siku ya talaka kupeleka ombi, tena talaka iwe na uhusiano na mateso. Mwenzi raia akifa, vilevile miaka 2. Na usiolewe tena kabla ombi halijakubaliwa, maana ndoa mpya inaliua. Kama aliyekutesa ni raia, hakuna ukomo wa idadi kwa mwaka, na unaweza kupeleka ombi la kadi ya kijani pamoja na I-360 na kuomba kibali cha kazi ukiwa unasubiri, hata kama uliingia nchini bila kupita kwa ofisa mpakani. Kama ana kadi ya kijani tu, unaingia kwenye zamu ya viza za familia. Majibu huchukua miaka kadhaa siku hizi. Ni muda mrefu, ila haufiki hata nusu ya ule wa U.

Viza ya T: si kuvushwa mpaka, ni kushikiliwa

Hapa watu huchanganya mambo. Kumlipa mtu akuvushe kutoka Brazili hadi mpaka wa Meksiko, ukapita msitu wa Darién, ukafika Texas, huko ni kusafirishwa kwa magendo. Ni safari ya hatari, lakini peke yake haikupi viza ya T. Habari inabadilika ukifika na yule aliyekuvusha akasema deni lako halijaisha, utaosha vyombo kwenye mgahawa huu bila mshahara mpaka liishe, na ukitoka tunajua mama yako anaishi wapi. Hapo ndipo neno lenyewe, biashara haramu ya binadamu, linapoanza.

Mfano wa kwetu upo kwenye kumbukumbu za mahakama. Mwaka 2008 mahakama ya shirikisho jijini Washington iliamuru mwanadiplomasia wa Tanzania amlipe mtumishi wake wa ndani zaidi ya dola milioni moja, baada ya mwanamke huyo kueleza kwamba alifanyishwa kazi miaka minne bila malipo. Mwishoni mwa mwaka huohuo sheria ilibadilishwa, na tangu wakati huo wafanyakazi wa ndani wanaokuja na mabalozi na maofisa wa mashirika ya kimataifa hutakiwa kupewa kijitabu cha haki zao ubalozini wanapoomba viza. Kama ulikipokea ukakitupa, hauko peke yako.

Watu wetu wengi hawajitambui kwenye T kwa sababu hawakufungwa minyororo. Mlango ulikuwa wazi, funguo walikuwa nazo. Lakini sheria haidai minyororo. Dalali wa Nairobi alikuahidi kutunza mzee kwa mshahara mzuri, umefika unatunza wazee watatu, unafua, unapika, unalala kwa muda wa saa nne tu, pasipoti iko kabatini kwa bosi, na kila ukiuliza pesa unaambiwa bado unalipa tiketi. Kama umebaki kwa kuogopa kitakachokupata au kitakachowapata wa nyumbani, zungumza na wakili habari za T kabla ya kutaja U.

Ukomo wa T ni viza 5,000 kwa mwaka wa fedha, na kwa miaka mingi tangu ianzishwe mwaka 2000 idadi hiyo haikuwa ikifikiwa. Foleni yake ni ya kibinadamu. Cheti cha polisi si sharti. Kinasaidia, lakini unaweza kuonyesha kwa njia nyingine kwamba ulitoa taarifa na uko tayari kujibu maswali ya wapelelezi. Aliyekuwa chini ya miaka 18, au aliyeumizwa akili kiasi cha kushindwa kusimulia, anaweza kusamehewa hata hilo. Sharti gumu ni mawili mengine: uwe uko Marekani kwa sababu ya biashara hiyo, na uonyeshe kwamba ukirudishwa utapata madhara makubwa yasiyo ya kawaida. "Nitakosa kazi" haitoshi. "Dalali ni mtu wa kijijini kwetu na ameshakwenda kwa baba mara mbili" ni jambo jingine kabisa.

Ikikubaliwa unakaa miaka 4 na kibali cha kazi, na baada ya miaka 3 unaweza kuomba kadi ya kijani, au mapema zaidi kama upelelezi umefungwa.

Viza ya U: mlango mpana, foleni ya kizazi kizima

U inafaa watu wengi kwa sababu haijali aliyekudhulumu ni nani. Awe raia, awe asiye na karatasi, awe hakukamatwa kabisa. Orodha ya makosa ni ndefu: ukatili wa majumbani, ubakaji, shambulio kubwa la kudhuru mwili, utekaji, kutishiwa ili utoe pesa, kuua, ukeketaji, kufanyishwa kazi kwa nguvu, kuvuruga mashahidi. Mwaka 2013 kuliongezwa kumfuatafuata mtu kwa kumtisha na udanganyifu katika mikataba ya kazi za wageni. Wizi wa kutumia silaha haumo kwa jina lake. Ndugu anayefanya zamu ya usiku kituo cha mafuta, akaelekezewa bastola, inabidi wakili wake aonyeshe kwamba kwa sheria ya jimbo lile tukio hilo linalingana na shambulio kubwa. Na hapa maofisa wana macho makali kuliko zamani: Desemba 2023 waendesha mashtaka wa shirikisho huko Massachusetts walifungua kesi dhidi ya watu waliopanga ujambazi wa maigizo kwenye maduka ili makarani wadai viza ya U. Waliodanganya wamewaharibia wenye majeraha ya kweli.

Sharti lake kuu ni karatasi moja, Nyongeza B ya fomu I-918. Hiyo husainiwa na chombo cha dola: polisi, mwendesha mashtaka, hakimu, ofisi ya ulinzi wa watoto, hata Wizara ya Kazi ikiwa kosa ni la kazini. Inasema ulisaidia, unasaidia au unaweza kusaidia upelelezi. Mtuhumiwa si lazima awe amefungwa, wala kukamatwa. Ila sheria ya shirikisho haimlazimishi mtu yeyote kusaini. Mkuu wa polisi wa mji mmoja anasaini baada ya wiki mbili, wa mji wa jirani anakataa katakata, na huna pa kukata rufaa. Majimbo kama California na Illinois yametunga sheria zao za kuwabana wakubwa hao wajibu ndani ya muda maalumu, kwa hiyo mahali ulipotendewa uhalifu panaweza kukupa bahati au kukunyima. Na saini ikishawekwa, ombi lazima lifike USCIS, idara ya serikali inayoshughulikia maombi ya uhamiaji, ndani ya miezi 6. Ikipita, unaanza upya kumbembeleza mtu yuleyule.

Sasa foleni. Bunge liliruhusu viza 10,000 kwa mwaka kwa waathiriwa wenyewe, na tangu mwaka wa fedha wa 2010 ukomo huo umekuwa ukigongwa karibu kila mwaka. Maombi yanayosubiri yameshapita 200,000. Gawanya mwenyewe. Mtoto anayezaliwa leo mama yake akipeleka ombi, anaweza kuwa chuo kikuu viza ikifika.

Kuna nafuu ya katikati. Tangu Juni 2021 USCIS hutazama kwanza kama ombi limejazwa kwa nia njema na limetimia, kisha huweza kukupa kibali cha kazi cha miaka 4 na kuahirisha kukuondoa nchini. Hata uamuzi huo nao huchukua miaka kufika, lakini kwa mtu anayelipwa kwa bahasha chini ya meza, kibali cha kazi ni maisha mapya. Viza yenyewe ikija inakaa miaka 4, na baada ya 3 unaomba kadi ya kijani.

Jambo moja kuhusu U ambalo mzazi yeyote asiye na karatasi anapaswa kulijua: mtoto wako akitendewa uhalifu mkubwa, naye ni mdogo asiyeweza kusimama mwenyewe mbele ya polisi, wewe mzazi uliyeripoti na kushirikiana unaweza kuhesabiwa mwathiriwa. Hata kama mtoto amezaliwa hapa na ni raia.

Waliobaki nyumbani

Kwa wengi hili ndilo linalouma. U na T zote zinakuruhusu kuwaombea mume au mke na watoto walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa. Ukiwa wewe mwenyewe una chini ya miaka 21, unaongeza wazazi na wadogo zako walio chini ya 18. T inakwenda mbele zaidi: ndugu wakitishiwa kwa sababu ulimtoroka mnyonyaji au ulimshtaki, unaweza kuwaombea wazazi na wadogo zako hata kama wewe ni mtu mzima. VAWA inawabeba watoto wako ila haimbebi mzazi wala ndugu. Na katika njia zote, mwambie binti aliyeko nyumbani asifanye harusi. Nimeona harusi nzuri ya Jumamosi moja ikiondoa jina kwenye faili la miaka minane.

Aliyesharudi kwao bado anaweza kuomba U akiwa huko, mradi uhalifu ulitendeka Marekani. T inataka uwepo wako huku. VAWA inakubali ombi kutoka nje kwa hali chache, mojawapo mateso yakiwa yalitokea Marekani.

Hatari ya kupeleka jina lako

Zamani mawakili walikuwa wakisema, ukikataliwa unarudi ulipokuwa. Siku hizi si hivyo. Mwongozo wa USCIS wa Februari 28, 2025 unaelekeza kwamba anayekataliwa na hana hadhi halali aandikiwe wito wa kwenda mbele ya hakimu wa uhamiaji, na haukuwaacha nje waathiriwa wa uhalifu. Mapema mwaka huohuo ICE, yaani maofisa wanaokamata na kurudisha watu makwao, nao walifuta maelekezo ya 2021 yaliyowataka wawe wapole kwa watu wenye maombi ya aina hii. Ombi linalosubiri si kinga. Simsemi mtu asiombe. Ninachosema ni kwamba ombi la kubahatisha, lililojazwa na "yule ndugu anayejua fomu" kwa dola 800, limekuwa jambo la hatari. Na akikuambia sehemu ya pesa hizo ni ada ya serikali, jua anakuibia: I-360 ya VAWA, I-914 ya T na I-918 ya U hazina ada. Tafuta wakili wa uhamiaji, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mashirika mengi ya msaada wa sheria hufanya kesi hizi bure. Laini ya ukatili wa majumbani ni 1-800-799-7233, na ya biashara haramu ya binadamu ni 1-888-373-7888. Zote zina wakalimani. Omba Kiswahili.

Milango miwili ikiwa wazi

Hutokea mara nyingi. Mke wa raia aliyempiga, polisi wakaja, ana VAWA na ana U. Mtumishi wa ndani aliyefungiwa na kubakwa ana T na U. Mama aliyeletwa kulea wajukuu, akafanyishwa kazi za nyumba tatu, huenda ana VAWA na T. Rai yangu: VAWA itangulie kama ndoa au undugu unathibitika. T ifuate kama kulikuwa na kazi ya kulazimishwa, hata kama wewe unaona aibu kuliita hivyo. U iwe ya mwisho, au iende sambamba, kwa sababu hakuna sheria inayokukataza kuwa na zaidi ya ombi moja.

Lakini hata kama U ni ya mwisho, ripoti ya polisi ichukue leo. Karatasi za polisi hupotea, mpelelezi hustaafu, mashahidi huhama. Kama tukio lilikuwa miaka sita iliyopita na ulikuwa hujui haki yako, bado unaweza kuomba cheti, yaani ile Nyongeza B. Sheria haikuweka mwisho wa muda kwa kosa la zamani. Ila yule sajini aliyekukumbuka ndiye anayesaini kwa urahisi.

Na ukihama, toa taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 10, kwa USCIS na kwa wakili. Kama unakaa na anayekutesa, tumia anwani ya wakili au ya mtu unayemwamini, si ya nyumbani. Faili la U linaweza kukufuata kutoka Minnesota hadi Texas hadi Maine, na barua ya kukutaka ukapige alama za vidole hutumwa mara moja tu, kwenye anwani ya mwisho waliyonayo.